Siku Niliyosema Ninapima

Ninyi mnaoniita "jometra" kila mkinikuta njiani hapa Keshero, nawasikia, na kwa kuwa habari yenyewe imekwisha kugeuzwa mara nyingi (yuko anayesema nilikimbizwa kutoka Kibati hadi Kituku, kule ziwani, jambo ambalo kwa miguu ya mtu wa umri wangu haliwezekani), naona afadhali niisimulie mwenyewe, ili angalau aibu iwe ya kweli.

Mwanangu Pascal alitaka kumwoa Neema, binti wa Kibati, na ilikuwa imepangwa kwamba Jumapili twende kujitambulisha kwa wazazi wake. Baba yake Neema sikuwa nimemwona hata siku moja, kwa sababu mambo yote yalikuwa yakipitia kwa mshenga. Sasa mimi, badala ya kuridhika na mbuzi na kreti za vinywaji kama watu wote, nikawaza kuongeza zawadi ya pekee: picha kubwa, ndani ya fremu, ya lile korongo la lava nyuma ya kijiji chao, jua linapochomoza. Korongo mnalijua. Ardhi ilipasuka, moto ukapita, na kumebaki ufa mrefu na mkavu wenye kuta nyeusi, na upande wa pili wake jangwa la mawe ambalo hata mbuzi hulipita haraka. Alfajiri mwanga ukiingia mle kwa ubavu, kuta zinakuwa nyekundu kwa muda wa dakika nne (nilizihesabu mwenyewe kwa saa, alfajiri moja ya nyuma), halafu zinarudi kuwa mawe ya kawaida.

"Papa," Pascal aliniambia, "peleka tu mbuzi. Mbuzi haina matatizo."

Sikumsikiliza. Upigaji picha nilijifundisha peke yangu, katika kitabu cha Kifaransa kisicho na kurasa za mwanzo, na kitabu hicho kinasema kwamba picha nzuri huandaliwa siku moja kabla. Basi Ijumaa jioni nikaenda Kibati, nikaweka mzigo wangu kwa rafiki yangu Deo, fundi viatu, aliyekubali nilale kwake, kisha nikatembea ukingoni mwa korongo hadi nikapata mahali patatu pazuri. Na ili nisipapase gizani kesho yake, nikaamua jambo moja dogo, dogo kabisa, ambalo ndilo chanzo cha yote: nikatoa kopo la rangi nyeupe na kupaka msalaba kwenye kila jiwe ambapo mguu wa stendi ya kamera ungesimama. Mahali patatu, miguu mitatu, misalaba tisa. Kila mahali nikapaandikia namba.

Mtu yeyote wa Goma anajua maana ya jiwe lenye msalaba mweupe na namba. Ni mpaka wa kiwanja. Jometra, yaani mpima ardhi, amepita, na mwenye shamba ajiandae kwa kelele. Mimi pia ninajua, maana parsele yangu mwenyewe, kiwanja ninachokaa, ilianza hivyo hivyo. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye mwanga, na mtu ambaye akili yake iko kwenye mwanga haoni kitu kingine.

Jumamosi alfajiri nilikuwa nimesimama kwenye namba mbili, kamera juu ya stendi yake, kipimamwanga mkononi, jicho moja limefumbwa, mama mmoja akapita na jembe begani akielekea kwenye maharage yake.

"Papa, jambo. Unafanya nini hapa?"

Mimi ni mtu wa kutumia neno sahihi. Nilikuwa nikipima, basi nikajibu: "Ninapima, mama."

Akashusha jembe. "Unapima nini?"

"Nilianza jana. Leo namaliza."

Sijui kwa nini niliongeza hiyo. Yule mama alitazama stendi, akatazama misalaba, halafu akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika hata Rwanda: "Mukuje! Mukuje! Jometra iko hapa, anapima mashamba yetu!"

Walitoka kila upande, wengine na miswaki bado mdomoni. Nikaeleza, kwa utulivu na kwa utaratibu, kwamba sipimi shamba la mtu, ninapima mwanga.

"Mwanga?" kijana mmoja akasema. "Mwanga iko ya bure, nani anapima mwanga?"

"Muongo! Na hii namba, njo namba ya mwanga?" mwingine akadakia.

Wakati huo Deo akatokea na chupa ya chai, nami nikashukuru moyoni, kwa haraka mno. "Mumuache huyu mutu!" akapaza sauti. "Minamujua, alilala kwangu. Ni mutu ya akili sana. Jana magaribi alipima hata nyumba yangu!"

(Ni kweli. Nilikuwa nimejaribu kipimamwanga dirishani kwake.)

Basi ikawa zogo. Mzee mmoja mrefu, mwenye kofia pana na fimbo ya wafugaji, akapita katikati ya watu, akasimama mbele yangu, kati ya kamera na korongo. Na hapo ndipo jua lilipochomoza. Lilitoka mahali pale pale nilipolikadiria, sikukosea hata kidogo, kuta zikawa nyekundu, dakika nne zangu zikaanza, na mimi nikaziona zote nne zikipita kwenye ukingo wa kofia ya mzee.

"Nani alikutuma?" akauliza.

"Hakuna, muzee. Ni kwa ajili ya familia moja ya hapa. Tunataka kuungana nayo."

"Familia gani? Na weye njo nani?"

Nikataja jina langu lote na mtaa wangu, nikidhani ukweli kamili utanisaidia. Mzee akanitazama kuanzia viatu.

"Uko na mutoto anaitwa Pascal?"

"Ndiyo, muzee."

"Mi njo baba ya Neema."

Yule mama wa jembe akapiga makofi mara moja: "Kumbe! Mbele ya kuomba binti, wanakuja kwanza kupima shamba ya baba yake!"

Jamani. Kuitwa mwizi wa ardhi ningeweza kujitetea, lakini hili lilikuwa na mantiki kuliko ukweli wangu. Mzee akasema maneno machache tu: "Jumapili musikuje, kama hii mawe ingali nyeupe."

Nikasugua. Neema mwenyewe aliniletea brosi na petroli kidogo, bila kuinua macho, akasema, "Papa, sugua nguvu," na nilipoona macho yake mekundu nikaacha kuikasirikia ile kofia. Jiwe la lava lina matundu kama mkate, rangi inaingia ndani na kukaa. Mawe sita nikayapindua. Matatu yalikuwa makubwa, hayakutikisika, basi nikayapiga nyundo ya Deo mpaka misalaba ikawa vumbi, na adhuhuri mzee alipokuja kukagua, nilikuwa nafanana na mwashi. Alizunguka jiwe kwa jiwe. Akagusa moja kwa fimbo.

"Kumbe unajua na kazi ya mikono," akasema, akaenda zake.

Jumapili tulikwenda na mbuzi. Picha haikuwepo. Tulipoingia, kabla hata hatujasalimiana vizuri, mzee akamwambia kijana wa nyumbani: "Huyu mukwe, mumupatie kiti ile inatazama ukuta. Asipime parsele." Watu walicheka mpaka mshenga akasahau hotuba yake, nami nikakaa saa tatu nikitazama ukuta, na nyuma yangu nikasikia Neema akiulizwa kama anatujua, na akijibu kwamba anatujua, hata sana.

Tangu siku ile nimeapa kutopaka rangi jiwe lolote, na mtu akiniuliza ninafanya nini, jibu langu ni moja: natazama tu. Lakini juzi nilikwenda kwa fundi wa nguo anishonee suti ya harusi, akanizungushia utepe kiunoni, akasema, "Papa, simama bien, minapima," nami, kabla sijajizuia, nikageuka kutazama mlangoni nani anakuja na fimbo.