Bwana Nimesikia

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye barua ya ajira tu. Pale klabu ya ndege, kwa marubani wa Jumamosi na Jumapili na hata kwa dereva anayeleta mafuta, yeye, mtunza uwanja, alikuwa Bwana Nimesikia, na jina hilo alilipata kwa haki kabisa. Mwanachama akifanya kosa, humwita kibandani kwake, humketisha kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi, na kumwacha ajieleze mpaka mate yamkauke. Mtu akishamaliza, yeye husema neno moja: "Nimesikia." Kisha huandika kosa lile lile alilokuwa amekwisha kuamua kuliandika kabla mtu hajaketi.

Daftari lake la makosa lilikuwa na safu nne alizozichora mwenyewe kwa rula: tarehe, jina, kosa, sababu. Safu ya sababu ilikuwa tupu tangu ukurasa wa kwanza, miaka ishirini na miwili nyuma. Wanachama walimuuliza kwa nini basi aliichora. Akawajibu kwamba aliichora akiwa bado hajawajua.

Ilikuwa klabu ya watu wa kawaida. Ndege zao zilikuwa nne, ndogo, za viti viwili, na mbili kati yake zilikuwa na umri wa kuitwa bibi. Kulikuwa na daktari wa meno, ambaye ndiye mwenyekiti, fundi saa, walimu kadhaa, mwuza vioo, na watu wengine waliotumia wiki nzima wakisubiri Jumamosi ili wapae nusu saa, wazunguke kilima, warudi wakicheka wenyewe. Yeye hakuwahi kupaa. Alipobembelezwa alisema kwamba lazima mtu mmoja abaki chini mwenye akili zake.

Na huko chini alikuwa na kazi ya kumtosha. Njia ya kurukia ilikuwa ya nyasi, ndefu hatua mia saba na arobaini, na alijua kila hatua. Nyasi zisizidi vidole vitatu, maana zikizidi tairi huchelewa kuiacha ardhi. Zisipungue vidole viwili, maana mvua ikija udongo utaondoka. Mawe ya pembeni yapakwe chokaa. Mfuko wa upepo juu ya mlingoti ushonwe kabla haujachanika. Na fuko, wale wanyama wasio na haya wanaochimba chini kwa chini na kuacha vichuguu katikati ya njia, aliwachukia kwa moyo wake wote, na alizungumza nao kwa maneno ambayo mkewe hakuyaruhusu nyumbani.

Mwanachama aliyefungiwa kuruka hakukaa bure. Alikabidhiwa fyekeo na kupelekwa kwenye nyasi za pembeni, kule mashine isikofika. Ndiyo maana pale klabuni husikii mtu akisema fulani amefungiwa. Husema fulani kapewa fyekeo. Mwenyekiti mwenyewe aliwahi kupewa, wiki mbili nzima, kwa kuwasha injini huku mkia wa ndege ukiwa umewaelekea watu waliokuwa wakinywa chai. Alifyeka shingo upande, akatoka malengelenge mikono yote miwili, na wagonjwa wake wa meno wakapata afueni isiyotarajiwa.

Lakini amri kuu ya uwanja ilikuwa ya kibao chekundu. Nje ya kibanda kulikuwa na ubao wenye misumari. Mtu yeyote anayeingia njiani kwa miguu, awe anaokota jiwe au anafuata kofia yake, ni lazima kwanza atundike kibao chekundu msumarini. Kibao kikiwapo, hakuna ndege inayopaa, na mtu wa redio huwaambia walioko angani wasubiri. Amri hiyo aliitunga Bwana Nimesikia mwenyewe, na udhuru aliouchukia kuliko wote ulikuwa ule wa "ni dakika moja tu". Dakika moja, alikuwa akisema, ndiyo hiyo hiyo inayotosha.

Mteja wake mkubwa wa fyekeo alikuwa Mkunga. Huyo alikuwa mama mstaafu aliyezalisha nusu ya mji, mfupi, mnene, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe. Alijifunza kuruka akiwa na miaka hamsini na sita, na tangu hapo hakuna kilichomtuliza. Alikuwa na ugonjwa mmoja, kupita chini chini juu ya paa la klabu ili kuwasalimia watu. Kapewa fyekeo mara tatu. Mara zote alifyeka akiimba, na mara zote alimaliza kwa kumletea Bwana Nimesikia chai kibandani, wakanywa pamoja bila kuombana radhi. Yeye humwita "Kaka", naye humwita "Dada Mkunga", na ukweli ni kwamba walipendana kama ndugu waliozoea kugombana.

Sasa, mwaka huo Bwana Nimesikia alikuwa na siri. Masikio yalikuwa yanamwacha. Miaka ishirini na miwili juu ya mashine ya nyasi si mchezo. Sauti zilianza kumpotea kidogo kidogo. Kwanza kengele ya simu, halafu ndege wa miti ya pembeni, halafu watu waliosimama upande wake wa kushoto. Alijikaza. Alijifunza kutazama midomo, kucheka wenzake wanapocheka, na mtu akimaliza kusema, kumjibu "Nimesikia". Neno lake lile lile la siku zote lilimsitiri vizuri mno.

Nyumbani hakusitirika. Mkewe alikuwa mwalimu mstaafu.

"Unanong'ona sana siku hizi, mama watoto," alimwambia siku moja wakila chakula cha mchana.

Mkewe akaweka kijiko chini. "Mimi? Mimi niliyefundisha watoto sitini darasa moja bila kipaza sauti? Jirani ametoka kunijibu swali nililokuuliza wewe! Nenda ukapimwe masikio, baba."

"Nimesikia," akasema, akaendelea kula.

Hakwenda. Alijua kilichokuwa kikimngojea. Kanuni ya tisa ya uwanja ilisema anayefanya kazi njiani awe na macho na masikio timamu, na kanuni hiyo nayo aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Siku watakapojua, uwanja utakuwa wa mtu mwingine. Atapewa mkono wa kwaheri, pengine na saa ya ukutani, akae nyumbani aitazame. Wazo hilo lilimkata maini. Hakuwa na mali nyingine duniani aliyoipenda kama zile hatua mia saba na arobaini, ambazo hata hazikuwa zake.

Ikatokea Jumapili moja asubuhi. Alikuwa mlangoni mwa kibanda alipoona kichuguu kipya cha fuko, katikati kabisa ya njia, kimetuna kama andazi. Damu ikamchemka. Akachukua koleo na kutoka mbio. Kibao chekundu kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, na ubao wa misumari ulikuwa hatua tatu tu pembeni. Ni dakika moja tu, akajiambia.

Alipiga magoti, akawa anasawazisha udongo na kumsimanga fuko. Ndege inayotua hupunguza nguvu za injini, hivyo haingurumi, bali huja na mluzi mwembamba ambao zamani angeusikia akiwa upande wa pili wa kilima. Safari hii hakusikia kitu. Aliona tu kivuli cha bawa kikipita juu ya koleo, juu ya mikono yake, na upepo ukamchukulia kofia. Alipoinua macho, ndege ilikuwa imekwisha kukatisha kutua, injini imeongezwa nguvu, inapanda tena huku tumbo lake likiwa karibu kiasi kwamba aliona matone ya mafuta chini yake.

Alitoka njiani akitembea kwa magoti.

Ndege ilizunguka, ikatua. Aliyeshuka alikuwa Mkunga. Alikuja moja kwa moja kibandani na kuketi kwenye kiti chenye mguu mfupi bila kuitwa.

"Kaka, kibao chako kiko wapi?"

Alikitoa mfukoni.

Mkunga akasema kwa sauti kubwa, midomo akiipanua, uso kwa uso: "Mimi sijaona kitu. Nimeamua kuzunguka mara ya pili kwa sababu napenda kuzunguka. Na mtu wa redio alikuwa ameinama, anatafuta kalamu. Tumeelewana?"

Akaondoka. Bwana Nimesikia akabaki na daftari mezani. Jambo lilikuwa limekwisha, hakuna anayejua, na uwanja bado ni wake. Alifikiria kivuli kile, kisha akafikiria mikono ya Mkunga kwenye usukani. Mama wa watu, na wajukuu zake watano, alilazimika kuikwepa mauti kwa ajili ya kichuguu cha fuko. Basi akachukua rula na kalamu, akaandika tarehe. Kwenye jina akaandika jina lake lile la barua ya ajira. Kwenye kosa akaandika: hakutundika kibao. Safu ya sababu akaiacha tupu, kama alivyowaachia wengine wote, kisha akampelekea mwenyekiti daftari.

Kamati ilikutana Jumamosi iliyofuata, kwenye chumba cha klabu, saa nne asubuhi. Mwenyekiti alikuwa kichwani mwa meza, fundi saa na mwuza vioo kando, na Mkunga pembeni kama shahidi, amekunja mikono na amekasirika kwa kuitwa. Alisema upepo ulikuwa mbaya, jua lilikuwa machoni, na mtu yeyote angeweza kusahau. Kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu, Mkunga alikuwa anatoa udhuru usio wake.

Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, na siku hiyo alijaribu kuwa mpole zaidi. Aliinamia karatasi zake ili asimtazame mzee wa watu usoni, akauliza kwa sauti ya chini:

"Kitu kimoja tu, Bwana Nimesikia. Ile ndege ilipokuwa inakuja, hukuisikia?"

Bwana Nimesikia aliona kichwa kimeinama na midomo haionekani. Akaona kwamba wengine wamemgeukia, maana yake maneno yamekwisha na anangojewa. Akajibu kama alivyojibu miaka yote.

"Nimesikia."

Mwuza vioo akatoa macho. Mwenyekiti akainua kichwa taratibu.

"Uliisikia?" Sasa midomo ilionekana vizuri. "Uliisikia ndege inakuja, na ukabaki njiani?"

Hapo ndipo alipoelewa swali lilikuwa nini. Akaona amejifunga kwa kamba yake mwenyewe. Akishikilia alichosema, yeye ni mwendawazimu aliyeisubiri ndege katikati ya njia. Akikanusha, kanuni ya tisa iko ukutani nyuma ya mwenyekiti, kwenye fremu. Mkunga alikuwa anamtikisia kichwa, usiseme, usiseme.

Alisimama. Alishika ukingo wa meza.

"Sikusikia," akasema. "Ndege sikuisikia. Na swali lako sikulisikia. Tangu mvua zilizopita sisikii nusu ya mnayoniambia. Nimekuwa nawadanganya." Akamgeukia Mkunga. "Dada Mkunga, nisamehe. Ningekuua."

Mkunga alikuwa analia waziwazi, huku akiwakodolea wanakamati macho, kama kwamba wao ndio waliokosa. Fundi saa, ambaye huzungumza mara moja kwa mwezi, ndiye aliyeanza kusema. Alisema kwamba yeye haoni bila miwani, na bado watu wanamletea saa zao. Kanuni inataka masikio, akasema, haikusema ni lazima uzaliwe nayo.

Walizungumza saa nzima, na safari hii kila mmoja alimgeukia aliposema. Mwisho wakaamua hivi. Mzee apimwe na kuvaa vifaa vya masikio. Nyasi zikatwe kabla ya saa za kuruka, na akiingia njiani saa nyingine yoyote, mwanachama mmoja asimame kwenye ubao na bendera. Kwa kosa la kibao apewe adhabu ya kila mtu, wiki mbili za fyekeo.

"Lakini hiyo ndiyo kazi yake," akasema mwuza vioo. "Huyo atafurahi."

"Anayeruka huadhibiwa kwa nyasi," akasema Mkunga akipangusa macho. "Basi mtu wa nyasi aadhibiwe kwa kuruka. Nampeleka mwenyewe. Leo."

Wakapiga kura kabla mshtakiwa hajapata neno.

Akafungwa mkanda ndani ya ndege, akavishwa zile hedifoni kubwa za rubani, macho kayafumba. Hata walipoiacha ardhi hakuyafumbua. Kisha sauti ya Mkunga ikaingia masikioni mwake, kubwa, safi, na pumzi zake na kila kitu: "Nimeifungulia sauti mpaka mwisho, Kaka. Wanipata?"

Ilikuwa sauti ya kwanza kuisikia yote kwa miezi mingi. Machozi yakamtoka. Akafumbua macho na kutazama chini, na pale chini palikuwa na uwanja wake, mstari wa kijani ulioiva, mawe meupe pembeni, na upande wa mashariki, bila shaka yoyote, ulikuwa umepinda.

"Umepinda!" akapiga kelele. "Miaka ishirini na miwili nakata nyasi kombo, na hakuna aliyeniambia?"

"Tukwambie ili uunyooshe? Tukiwa mbali na ukungu upo, huo mpindo ndio tunaoutafuta. Tukiuona, tunajua tumefika kwako. Ngoja nikuonyeshe kwa karibu."

Akainamisha pua, akapita chini chini juu ya paa la klabu, karibu kabisa, wanakamati wakainama na vikombe vyao.

Walipotua, Bwana Nimesikia alikwenda kibandani kwa miguu isiyoiamini ardhi. Alichukua daftari na rula. Mkunga alimfuata mbio.

"Kaka, usinifanyie hivyo! Nilikuwa nakuonyesha uwanja wako!"

"Nimesikia," akasema, akaandika. Tarehe. Mkunga. Kupita chini juu ya paa, mara ya nne. Kisha akasita, akaisogeza kalamu hadi kwenye safu ya mwisho, na kwa mwandiko mdogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, akaandika: alinionyesha uwanja wangu.

Akamkabidhi fyekeo, na yeye mwenyewe akachukua la kwake, wakaenda pamoja kwenye nyasi za pembeni.