Boksi Lisilo na Feni

Siku ya kulijaribu lile boksi la pili la kompyuta tulikuwepo hawa: mimi; wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu; mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, ambaye alizaliwa ng'ambo ya mpaka wa Manyovu akavuka akiwa binti mdogo amejitwika sufuria, na ambaye binti yake ameolewa na mwanangu wa tatu; na mjukuu wangu, mtoto wa ndoa hiyo. Kwa hiyo huyo msichana ni mjukuu wa mwenyekiti vilevile, ila siku hiyo mwenyekiti hakutaka kukumbushwa. Majina yao ninayo yote, hata ya ubatizo, lakini wenyewe hawakunituma niyaandike.

Kikundi chetu kinauza makopa ya muhogo mjini Kasulu. Kiangazi hatuna shida, tunaanika kwenye turubai. Shida ni masika. Muhogo ukitoka kulowekwa ukakosa jua unaota ukungu mweusi, na mnunuzi anapita kama asiyetuona. Mjukuu wangu alisomea mitambo chuoni, sasa ana karakana yake. Akatutengenezea chumba cha kukaushia: tanuri la magunzi, hewa ya moto inapita kati ya trei za waya, na kompyuta ndogo inapima joto na unyevu, inafungua na kufunga dirisha la hewa.

Kompyuta ya kwanza ilipendeza macho. Ilikuwa na kioo cha kugusa, rangi tele. Lakini sisi tukitoka kwenye mapipa ya muhogo vidole vimelowa, kioo hakisikii. Mwenyekiti akawa anakigusa kwa kiwiko. Ndani mlikuwa na kifeni cha kuipoza. Wifi yangu, kwa heshima ileile anayoipa redio yake, akaifunika kitambaa cheupe cha maua alichofuma mwenyewe. Nyumba gani kwetu kitu cha thamani kinakaa uchi? Kifeni kikavuta vumbi la muhogo, kitambaa kikaziba hewa, kompyuta ikazima katikati ya mzigo. Muhogo ule waliula nguruwe.

Mwenyekiti akaitisha kikao, akasema tutajaribu mzigo mmoja tu. Ukiharibika, chumba kitakuwa stoo ya maharage, na msichana aje aondoe mtambo wake. Mjukuu wangu hakubishana. Nyumbani ndipo aliponiambia kwamba akina mama wa Kibondo nao walitaka chumba kama hicho, wanasubiri kuona chetu. Chetu kikishindwa, hakuna atakayempa kazi tena.

Akatandaza vifaa mkekani kwangu, akawa anawaza kwa sauti. Chenye nguvu kuliko vyote kilitaka feni, akakisogeza pembeni. Cha pili kilikuwa bodi tupu bila ganda, kumbukumbu yake iko kwenye memori kadi kama ya simu. Akasema umeme wa huku ukikatika ghafla, kadi inaharibika, na pengine siku hiyo yeye yuko safarini. Alikishika muda mrefu, maana bei yake ilikuwa nzuri, kisha akakirudisha kwenye begi. Likabaki boksi la chuma la kijivu, zito kama tofali, lina mbavu mbavu mgongoni. Nikamuuliza kama lina akili kuliko lile lililokufa.

"Halina, bibi. Lile lingeweza kukuonyesha sinema. Hili linajua joto na dirisha tu."

"Sasa umelipendea nini?"

"Sisi hatukaushi sinema."

Akalifunga juu ukutani, matundu ya nyaya akayabana kwa mpira vumbi lisipite. Badala ya kioo akaweka vitufe viwili vinene, kijani na chekundu, ambavyo hata mkono uliolowa unavibonyeza.

Siku ya mzigo mvua ilianza asubuhi. Wifi yangu akaingia na kitambaa chake kimekunjwa kwapani. Mjukuu akamshika mkono, akauweka kwenye boksi, wifi akausikia moto wake.

"Bibi, huyu hana feni, anapumulia mgongo. Ukimfunika anakufa."

"Basi akae uchi. Lakini wageni wakija mseme si mimi niliyemwacha hivyo."

Mchana umeme ukakatika. Mjukuu wangu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama ukuta. Umeme uliporudi, boksi likawaka taa, likaendelea pale lilipoishia bila mtu kuligusa. Nikamwona mwenyekiti anamletea msichana chai, kimya kimya.

Tulifungua kesho yake, wanakikundi wamejaa mlangoni. Makopa yalikuwa meupe. Mwenyekiti akachukua kipande, akakivunja, kikalia kama kuni kavu. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatafuna, akatutesa kidogo.

"Maharage yatafutiwe stoo nyingine," akasema. Kisha akamgeukia msichana, kumbe habari za Kibondo zilikuwa zimemfikia: "Na wewe, mjukuu wangu, wapigie wale wa Kibondo."

Nimeandika kwamba mwenyekiti ndiye aliyevunja kipande cha kwanza. Wifi yangu anasema ni yeye. Mliokuwa mlangoni mliona vizuri kuliko mimi niliyekuwa nyuma ya tanuri. Kama nimekosea, piteni nyumbani mniambie, nitaandika upya.