Vyungu vya Kondo

Kondo, mwenye nyumba wetu pale Kilakala, alipopunguzwa kazi kiwandani mwaka wa tisini na tano, wenzake walinunua cherehani, wengine mashamba Mikese. Yeye alikwenda Dar na kiinua mgongo chake, akarudi na redio kaseti kubwa ya kutoka Dubai. Nilimtazama akiishusha, nikasema moyoni, huyu mwanaume karogwa.

Kiwandani alikuwa msaidizi wa fundi umeme, basi akajiona fundi. Akapitisha waya juu ya kuta za nyumba nzima, vyumba sita, kila chumba spika moja. Spika alizitia ndani ya vyungu alivyoletewa na mama yake kutoka Kinole, ili mdundo utoke mzito. Redio ilikaa sebuleni kwake, na sote tulisikia: Ijumaa mawaidha, Jumapili asubuhi kwaya, siku nyingine chochote tulichokubaliana baada ya kugombana. Nani mwingine Kilakala nzima alikuwa anamenya vitunguu huku chungu kinamwimbia?

Ila alikosea kuunga. Waya ulikuwa mmoja tu, unaingia chumba hiki, unatoka kwenda kile, kwa hiyo mmoja akizima chake, nyumba nzima inazimika. Ugomvi wake usiseme. Twalibu, dereva wa lori aliyepanga chumba cha mbele, ukimkatia mpira anagonga milango yote kwa matusi. Tukaweka sheria kwamba hakuna kuzima. Anayetaka kulala afunike chungu chake kwa mto.

Kila wiki nilimwambia Kondo, "Baba Yasmin, rekebisha huu ushenzi wako."

Naye kila wiki, "Vuta subira, Mama Leonard. Natafuta waya."

Jumapili moja alasiri nilishuka kitandani, mguu wa kulia ukanikataa. Nikaanguka. Mdomo ulikuwa umepinda, najaribu kuita, inatoka sauti ya mbuzi. Na mpira ulikuwa umepamba moto, mtangazaji anapiga kelele vyumba vyote sita. Hata ningekuwa na sauti yangu, nani angenisikia? Nilijua nitafia pale sakafuni, na mwanangu Leonard yuko Dar hana habari.

Waya wa chungu changu ulishuka ukutani karibu na mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado wangu. Nikaushika, nikauvuta kwa nguvu zote zilizobaki.

Kimya nyumba nzima. Halafu nikamsikia Twalibu ukumbini: "Nani kazima? Nani huyo hana adabu?"

Haki ya Mungu, sijawahi kusikia maneno matamu kama yale. Akagonga mlango wa kwanza, akatukana. Akagonga wa pili, akatukana. Mimi niko chini naomba hasira zake zisipoe kabla hajafika kwangu. Aliposukuma mlango na kuniona, tusi likageuka salamu. "Shikamoo," akasema, maskini. Ndipo akapiga ukelele wa kumwita Kondo.

Walinibeba wawili hadi barabarani, wakasimamisha pikapu ya nyanya, wakanifikisha hospitali. Daktari alisema kama ningelala pale mpaka jioni, wangekuta maiti. Namshukuru Mungu, na baada ya Mungu namshukuru Kondo kwa kutoijua kazi yake.

Nilirudi nyumbani naburuta mguu, lakini mdomo umekaa mahali pake, kama wapangaji wenzangu walivyogundua siku hiyo hiyo. Kondo alikuja na waya mpya begani, macho chini. "Sasa naunga upya, Mama Leonard. Kila mtu ataweza kuzima chake bila kumsumbua mwenzake."

Nikamwambia akithubutu kuugusa ule waya, nahama.

Mwezi uliofuata Leonard alikuja kunitazama. Alikuwa ameninunulia redio mpya, ndogo, nzuri, niiweke kando ya kitanda nisikilize nipendacho bila kumwomba mtu. Nilimshukuru mpaka machozi yakanitoka, maana mwanangu ana moyo. Kisha nikamwuliza, "Hii nikiizima, nani atakuja kunitukana?"

Leonard akairudisha redio kwenye boksi lake. Kesho yake redio akarudi nayo Dar.