Mgongo wa Bibi Harusi

Mardhiya binti Kombo alikuwa mpiga picha wa wanawake, na Bagamoyo nzima ilijua maana yake. Siku ya wanawake katika harusi, wanaume wakishatolewa uani na mapazia yakishashushwa, yeye ndiye aliyeitwa. Simu za wageni zilikusanywa mlangoni na kamera yake peke yake ndiyo iliyoingia. Humo ndani wanawake walivua mabuibui, wakafungua nywele, wakacheza wapendavyo. Kabla ya kuondoka, Mardhiya alichomoa kadi ya picha kwenye kamera na kumkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Hakubaki na nakala hata moja. Aliyeuliza sababu alijibiwa, "Ya ndani ni ya wenyewe," na mazungumzo yakaishia hapo.

Kazi alifundishwa na baba yake, aliyekuwa na kistudio cha picha za pasipoti karibu na soko. Alipoachwa na mumewe kwa kosa la kutoshinda nyumbani, hakurudi kwa baba kulia. Alirudi kuchukua kamera. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, asiyebeba umbea, na wenye binti walimwamini kuliko walivyowaamini ndugu zao wa damu. Lakini heshima ya uani haikumtosha, ingawa hakumwambia mtu. Kila picha nzuri aliyopata kuipiga ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku la nguo la mtu mwingine. Kwa mwanamke mwenye jicho kama lile, jambo hilo lilikuwa linauma.

Twalib aliujua uchungu huo kabla hajaambiwa. Alikuwa mtoto wa mjini hapahapa, aliyesoma Dar es Salaam akarudi kufungua nyumba ya maonyesho ya picha katika jengo la zamani la ghorofa moja. Alikuwa amepata ufadhili wa kuonyesha maisha ya kila siku katika miji ya Kabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, ambako watu walikuwa wakirejea makwao baada ya miaka ya vita.

"Nimepeleka wanaume kule, dada Mardhiya," alimwambia. "Wameniletea kuta zilizoungua na wanawake waliojifunika gubigubi. Kuta ninazo za kutosha. Nataka mtu anapika, mtu anasuka, mtu anacheka. Mlango huo hawafunguliwi wanaume."

"Na mimi nitafunguliwa?"

"Wewe umezaliwa nyuma ya mlango huo."

Akaenda. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, ufukweni, na watu wake walisema Kimwani, lugha ambayo mtu wa Bagamoyo akiisikiliza kwa utulivu haimpotezi. Alipokewa nyumbani kwa mjane aitwaye Bi Tatu, na siku za mwanzo kamera hakuitoa kabisa. Alichambua dagaa na wenziwe, alichota maji, alisukwa nywele. Alipoanza kupiga picha, hakuna aliyegeuza uso. Alimpiga mwanamke anayekaanga mihogo kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na paa. Alipiga watoto waliokuja shuleni kila mmoja na jiwe lake la kukalia. Alimpiga msichana anayejaribu kiatu cha mtumba sokoni, kiatu kimoja tu, kwa kuwa cha pili hakikuwepo, na anacheka mpaka amefumba macho.

Bi Tatu alikuwa amebakiwa na binti mmoja, Atija, na wiki hizo Atija alikuwa anaolewa. Mume alikuwa Yunus, fundi mwashi wa Kaole, mwendo mfupi kutoka Bagamoyo. Mama yake Yunus, Bi Sada, alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Bi Tatu. Alizaliwa kulekule, akaolewa Kaole akiwa kigoli. Ndoa ilifungwa kwa wakili aliyemsimamia mume, mwenyewe akiwa Kaole, na bibi harusi alikuwa asafirishwe baadaye.

Upande wa mume waliambiwa kuwa miaka ya vita Atija aliimaliza katika kambi ya wakimbizi. Haikuwa kweli. Alichukuliwa na watu wa msituni, akakaa mikononi mwao hadi alipotoroka. Dini haimhesabii dhambi mwanamke aliyeburutwa kwa mtutu wa bunduki, na kila sheikh analijua hilo. Kila mama mwenye kijana wa kuoza analijua vilevile, ila mkamwana wa namna hiyo anamtakia jirani.

Siku ya kusingwa, Atija alikaa juu ya kigoda, kanga imeshuka kiunoni, na mama yake akamsugua mgongoni kwa singo, manukato ya kumsafishia bibi harusi. Mgongo ule ulikuwa umechorwa kwa kamba na fimbo kutoka mabegani hadi kwenye mbavu. Mkono wa Bi Tatu, wa manjano kwa manukato, ulipita juu ya makovu polepole kama anayesafisha msahafu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu anachodaiwa na dunia. Mardhiya alishusha kamera akangoja ruhusa.

"Piga, mwanangu," alisema Bi Tatu. "Nataka nije nione mwenyewe kwamba nilimsafisha nikamtoa. Lakini isitoke. Sada akijua, mtoto huyu hana ndoa, na hapa hana wa kumwoa."

"Haitoki, mama."

Bi Tatu hakuwa na kitu cha kuifungulia kadi. Akasema, "Kaa nayo wewe. Utaniletea ikiwa karatasi." Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Mardhiya akaondoka na kadi ya watu.

Mardhiya aliporudi Bagamoyo, Twalib aliikuta picha ile kwenye kompyuta yake alipokuwa anampekulia nyingine. Aliikuza ikajaza kioo. Kisha akasema, "Hizi nyingine zote ni picha. Hii ni jambo lingine."

"Hiyo hapana," alisema Mardhiya, akamsimulia habari za binti yule wa pekee na za msituni. "Nimeahidi."

"Uso wake haumo, dada. Nani atajua?"

"Uso wa mama yake umo."

"Mama yake yuko Msumbiji!"

Mardhiya alikataa siku ya kwanza, akakataa ya pili. Siku ya tatu hakukataa, aliweka masharti. Picha itatundikwa juu, chumba cha peke yake, pazia mlangoni, waingie wanawake peke yao na simu zibaki chini. Twalib alikubali kwa haraka, na haraka ile ingemstua mtu mwenye nia safi. Mardhiya alimfikiria Bi Sada, naam. Alijiambia kwamba magoti ya mama yule ni mabovu na hatoki Kaole. Tena alijiambia kwamba hata akija ni mwanamke, na la wanawake likionwa na wanawake linaishia hapo. Hilo ndilo kosa letu sisi wa pwani. Tumeogopa jicho la mwanamume hata tukaamini kwamba pazia likishuka, waliobaki ndani wote ni watu wema.

Kwa kuwa Atija alikwisha hamia Kaole, Mardhiya angeweza kwenda kumwambia. Hakwenda.

Maonyesho yalifunguliwa asubuhi ya Jumamosi. Wanawake wa mjini walipanda juu wakashuka wakijifuta macho, na kila aliyeshuka alimshika Mardhiya mkono. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, amevaa vizuri, anapokea, bajaji iliposimama nje. Akateremka Atija, na nyuma yake, ameegemea bega lake, Bi Sada.

Atija mwenyewe ndiye aliyemleta. Alisikia kuna picha za kwao, akambembeleza mama mkwe hadi akakubali. Mimba yake ya kwanza ilikuwa inaanza kuonekana, na Bi Sada alimshika kiuno kama anayebeba kikombe cha kioo.

"Mama, tazama! Hii shule yangu!" Atija alikuwa anakwenda picha hadi picha. "Na huyu wa kiatu namjua, mtundu huyo, kamaliza watu kwa vichekesho!"

"Watu wa kwetu kwa kucheka na njaa," alisema Bi Sada, naye amefurahi. "Na juu kuna nini?"

"Juu ngazi kali, Bi Sada," Mardhiya aliwahi kusema. "Magoti yako."

"Magoti yangu yamekulalamikia wewe? Huko juu kuna wanaume?"

"Hakuna."

"Basi unanizuia nini, binti Kombo? Au juu wanaingia wenye vyeo?"

Wanawake walicheka. Bi Sada akaanza kupanda, mguu baada ya mguu, akitweta. Kwa mwendo ule Mardhiya angeweza kumpita, akaing'oa picha ukutani, akaigeuza. Alimpita kweli, akafika chumbani kwanza. Akakuta wanawake wamesimama mbele ya picha yake kimya, wengine wamejishika vifua. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona watu wakiitazama kazi yake namna ile, na aliiacha ukutani pumzi moja zaidi, halafu nyingine, mpaka pazia likafunguka.

Bi Sada alitazama uso kwanza. "Tatu huyo. Maskini, kazeeka dada yangu." Kisha akatazama mgongo. Chini ya picha Twalib alikuwa ametundika kadi yenye maandishi, ambayo Mardhiya hakuulizwa, na mwanamke mmoja aliisoma kwa sauti kwa wema tu, akidhani mzee hasomi: "Mama akimsinga binti yake wa pekee, aliyerudi kutoka msituni."

"Binti yake wa pekee," alirudia Bi Sada. Akageuka kwa mkamwana wake. "Njoo hapa."

"Mama, twende nyumbani," alisema Atija.

"Njoo. Unaona haya gani? Hapa tupo wanawake watupu."

Akamshika ukosi wa buibui, akalishusha, akafungua zipu ya gauni, akalivuta hadi katikati ya mgongo. Akautazama mgongo, akaitazama picha, akautazama tena, bila haraka, kama anayelinganisha vitambaa dukani. Chumbani kulikuwa na wanawake wasiopungua ishirini. Waliokuwa wanaililia picha dakika ile walinyoosha shingo waone vizuri. Hakuna hata mmoja aliyemvalisha, na Mardhiya alikuwa mmojawapo.

Kesho yake Mardhiya alikwenda Kaole. Alimkuta Bi Sada barazani.

"Shikamoo, Bi Sada."

"Marahaba. Umekuja na kamera?"

"Nimekuja kuomba. Kosa ni langu, mama. Atija hakufanya lolote, alichukuliwa kwa nguvu."

"Najua alichukuliwa kwa nguvu. Unadhani mimi hayawani? Ningeambiwa na Tatu tukiwa wawili, pengine ningelia naye, nikaufunika mgongo ule. Nimeambiwa na ukuta wako, mbele ya nusu ya mji. Asubuhi hii nimekwenda kununua sukari, nimeulizwa kama mjukuu wangu atazaliwa na ndevu za watu wa msituni."

"Mimba ni ya Yunus, mama. Hesabu ya miezi..."

"Sijasema si ya Yunus. Nasema nani ataamini? Wewe ndiye uliyetuonyesha, sasa unataka tusione?"

Yunus alikuwa amekaa ndani, kichwa chini. Mardhiya alimsihi naye. Alijibu, "Nampenda, dada. Mgongo niliuona siku ya kwanza, sikuuliza. Lakini mama ameshasema," na hakuona kwamba amesema jambo la aibu. Talaka aliitoa siku hiyohiyo, na akina mama wa Kaole wakakubaliana kwamba Atija eda yake ataimalizia kwao Msumbiji, akajifungulie huko. Kitabu hakisemi hivyo. Mwanamke wa eda humalizia eda yake alipo, kwa matunzo ya mume. Lakini Kaole nzima haikupatikana mtu wa kulisema hilo barazani kwa Bi Sada.

Atija alipotoka na begi lake hakulia wala hakumtukana mtu. Alimvuta Mardhiya pembeni.

"Mama yangu asijue kuwa ni ile picha," alisema. "Yeye ndiye aliyekuruhusu. Akijua, atajila mwenyewe mpaka afe. Mwambie kwamba Yunus alikuwa ananipiga, nikashindwa. Mwambie wewe, mimi hatoniamini. Wewe anakuamini."

Simu ya Bi Tatu ilifika jioni, sauti ikikatika. Alisema amesikia mtoto anarudi. Akauliza ni kweli, na Mardhiya akamwambia ni kweli. Akauliza sababu. Mardhiya akamwambia kwamba Yunus ana mkono mwepesi, na kwamba Atija amevumilia hadi amechoka.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Tatu, akashusha pumzi. "Mimi nilikwisha ogopa ni lile letu. Nikasema, hapana, lile liko kwa Mardhiya. Mungu akulipe, mwanangu. Nitakuombea kila sala."

Mardhiya akaitikia, "Amina, mama."