Celica Iliyovuka Wilaya Mabegani

Isihaka Mbwana ni tabibu wa meno, na mwaka 2014 hakuna mtu wilayani Kasulu aliyekuwa na gari fupi kuliko lake. Kuku wa mjini, waliozoea kupita chini ya magari marefu ya miradi bila kuinama, walijigonga kwenye bampa la Celica yake ya rangi ya fedha, wakasimama kidogo, kisha wakazunguka. Gari lina milango miwili, spoila nyuma, na viti vinavyomlaza abiria chali kama anasubiri kung'olewa jino. Isihaka alilinunua Dar es Salaam kabla hajajua atapangiwa kazi wapi. Alipopangiwa Kasulu, ndugu zake wa Muheza walimshauri auze. Aliuza jokofu.

Mtumishi wa serikali anayehamishiwa Kasulu hutafuta kitu cha kumshikilia. Wengine hushika kwaya, wengine shamba la maharage, wachache mke wa pili. Isihaka alishika Milango Miwili.

Hilo lilikuwa jukwaa la mtandaoni la Watanzania wenye magari ya michezo ya milango miwili, watu ambao mke, mama na fundi wote huwauliza swali moja: watoto watakaa wapi? Lilianzishwa na Laurent, wakati huo akiwa mwanafunzi Dar es Salaam. Wanachama walielezana wanavyoishi na magari yao: mafuta yanavyokwenda, matuta ya barabarani yanavyopandwa kwa upande, namna ya kumjibu trafiki anayekusimamisha kwa sababu tu anataka kuketi ndani. Kwa Isihaka haikuwa burudani tu. Fundi wa kwanza wa Kasulu kufunua boneti ya Celica aliifunga tena taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Baada ya hapo Isihaka alijifunza kila kitu jukwaani. Bomba la klachi alilifunga mwenyewe Jumapili moja, akielekezwa hatua kwa hatua na mwanachama wa Mbeya ambaye hadi leo hajawahi kumwona sura.

Kisha ikaja WhatsApp. Watu wakahamia kwenye magrupu, ambako jibu la leo kesho limezikwa chini ya salamu za asubuhi na picha za maua. Kufikia mwisho wa 2013 waliokuwa wakiingia Milango Miwili kila siku walikuwa Isihaka na mtu mmoja anayetangaza dawa ya nguvu za kiume. Usimamizi wa jukwaa ulimwangukia Isihaka kwa kuwa yule mwingine hakuwa na gari.

Laurent, ambaye sasa alikuwa na watoto na gari la milango mitano, alimpigia simu.

"Isihaka, ndugu yangu, unaongea peke yako kule. Mimi nalipia nyumba ya mtu mmoja. Mwisho wa Machi naifunga."

"Na nyuzi za miaka yote? Mambo yote yaliyoandikwa mle?"

"Yanakwenda nalo."

"Nipe hiyo Machi. Nikuonyeshe watu."

Alichofanya baadaye kinaeleweka zaidi ukijua kwamba Isihaka ni mtu anayewaandikia wagonjwa wake ratiba ya kupiga mswaki. Alitunga kanuni. Kila mwezi kila mwanachama, msimamizi akiwemo, ataendesha gari lake kutoka wilaya moja hadi nyingine, atabandika picha ya mita ya kilomita kabla na baada, na atasimulia safari. Asiyefanya atashushwa cheo awe mgeni: atasoma, lakini hataandika tena hadi msimamizi amkubali upya. Maneno "msimamizi akiwemo" aliyakoleza wino mwenyewe, kwa madaha. Kisha akaisambaza kanuni kwenye magrupu ya WhatsApp, na wachache wakarudi jukwaani kwa kupenda ubishi.

Kosa lilikuwa kwenye neno wilaya. Kwa mtu wa Kasulu, kwenda wilaya nyingine ni safari: unabeba maji, koleo, na nguo usiyoijali. Kwa mtu wa Dar es Salaam, wilaya nyingine iko ng'ambo ya daraja. Wanachama wa Dar walitoka Kinondoni wakaingia Ilala kununua chipsi, wakapiga picha mita, wakarudi nyumbani wakiwa wametimiza masharti ya mwezi na chipsi bado za moto. Aliyechangamka zaidi alikuwa Nickson, mwenye Supra nyekundu na ulimi mrefu.

Januari na Februari Isihaka aliponea njia ya Manyovu, ambayo ilimfikisha wilaya mpya ya Buhigwe bila safari ndefu. Machi, mvua ikiwa imekaza, lori lililala ubavu kwenye njia hiyo na likaonekana halina haraka ya kuamka. Wilaya iliyobaki ilikuwa Kibondo, na barabara ya Kibondo ilikuwa udongo mwekundu mtupu.

"Msimamizi, mita yako iko wapi?" Nickson aliandika. "Au kanuni ni ya watu wa lami tu? Daktari wa meno akishindwa, kanuni imekufa, na sisi tunarudi zetu WhatsApp."

Chini yake watu wanane waliandika "kweli kabisa". Isihaka aliyasoma mara kadhaa. Watu wale ndio wote aliokuwa nao wa kumwonyesha Laurent.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi aliwasha gari. Pembeni yake alikaa Theodosia, muuguzi mwenzake, mzaliwa wa Kibondo, aliyekuwa anakwenda kumwona mama yake na alikuwa amekosa basi.

"Dakta, kiti hiki hakiinuki?"

"Hicho ndicho kimeinuka, sista."

"Basi nikifa njiani hamna haja ya kunilaza. Nimeshalala."

Walikwenda vizuri kuliko ilivyotegemewa. Isihaka aliendesha kwa kukwepa makorongo, gurudumu moja kwenye nyasi na jingine kwenye kingo, huku Theodosia akitaja kila jiwe lililogonga chini. Walifika mahali wilaya zinapopakana, bondeni, ambapo barabara ilikuwa imeamua kuwa kinamasi. Celica iliingia kwa heshima, ikasonga mbele kidogo, ikakalia tumbo. Magurudumu yalizunguka hewani kama miguu ya mende aliyepinduka.

Theodosia alifungua mlango. Mlango ulichota tope.

Watu walitoka mashambani. Mbele yao alikuwa Kipriani, mwanamume mkakamavu wa makamo, kiongozi wa chama cha ingobyi cha kitongoji hicho. Ingobyi ni machela ya miti na kamba; ndiyo inayombeba mgonjwa wa milimani hadi panapopita gari. Kila kitongoji kina chama chake, na anayekwepa kubeba wenzake, siku yake ikifika hubaki kitandani kwake akitazama dari.

Kipriani alimtazama dereva, akamtambua, akapanua mdomo kuonyesha pengo.

"Muganga wa meno! Si wewe ulinipandia kifuani ukaling'oa hili?"

"Lilikuwa na mizizi mitatu, mzee wangu."

"Leo tunakung'oa sisi." Aliwageukia wenzake. "Leteni miti."

Chama hakikuwa na utaratibu wa magari. Kilikuwa na utaratibu wa wagonjwa, basi ukatumika huo huo. Magogo ya mikaratusi yalipitishwa chini ya Celica mbele na nyuma, wanaume wakapangwa kwa urefu ili mabega yalingane, na Isihaka akaambiwa mwenye mgonjwa hatangulii, anafuata nyuma, na haongei ovyo.

Hapo ndipo alipoona kinachokuja.

"Jamani, msiinyanyue! Isukumeni!"

"Isukumwe kwenye hili?" Kipriani aliuliza.

"Ikibebwa, mita haisomi! Magurudumu lazima yaguse chini!"

Wanaume walitazamana. Mmoja akamuuliza Theodosia kwa Kiha, polepole, kama huyu muganga alikuwa na dawa anazokunywa.

"Ana watu wake Dar wanamwangalia mita," Theodosia alijibu.

"Ni wakwe?"

"Wangekuwa wakwe ningeelewa."

"Muganga," Kipriani alisema, na safari hii bila mzaha, "mgonjwa akishindwa kutembea hatumlazimishi kutembea. Inueni!"

Celica iliinuka. Kwa gari lililoishi maisha yake yote likitazamwa kutoka juu, ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mtu kutoka juu. Wabebaji walianza wimbo wao wa kubebea, ule wenye sehemu ya kuuliza ndugu wa mgonjwa wana nini nyumbani, na walipofika sehemu hiyo waliimba "ana koleo la kung'olea" wakacheka hadi gari likayumba. Katikati ya kinamasi walisimama. Hapo ndipo ulipo mpaka. Watu wa Murungu, upande wa Kibondo, ndio wapokezi, kama kwa mgonjwa yeyote, na hawakuwa wamefika. Gari zima likabaki mabegani kwenye mstari wa wilaya mbili, wabebaji wakiwatukana wenzao wa ng'ambo kwa sauti, nao wakijibu wakiwa wanakuja mbio huku wakikunja suruali.

Theodosia alitoa simu akapiga picha. Inaonyesha Celica ikielea juu ya vichwa vya watu, na nyuma yake Isihaka, viatu mkononi, uso wa mfiwa.

Ng'ambo, penye ardhi ngumu, mgonjwa alishushwa. Desturi inamtaka mwenye mgonjwa atoe kinywaji. Isihaka, Mwislamu asiyegusa pombe, aliahidi soda.

"Soda?" Kipriani alirudia. "Mwenzangu, hata mwenye malaria hatumbebi kwa soda."

Ilibidi Theodosia aende mwenyewe kwenye nyumba ya jirani kuagiza pombe ya ndizi, na Isihaka akalipa akiwa amegeuka pembeni, akitazama kilima kwa umakini mkubwa. Waliagana kwa kupeana mikono yenye tope, na kabla gari halijaondoka wabebaji wawili walikuwa wameshamwonyesha meno yanayowasumbua.

Walipofika Kibondo mjini, Isihaka alimfikisha Theodosia kwa mama yake, lakini Theodosia hakushuka. Alitaka kuona mwisho. Wakaenda pamoja kwenye duka la intaneti. Mita ilikuwa imeongezeka vya kutosha kwa sababu alikuwa ameendesha pande zote mbili za kinamasi. Hakuna mtu Dar es Salaam ambaye angejua.

"Bandika mita ukae kimya," Theodosia alisema. "Umeshinda."

Isihaka aliifungua picha ya mita. Tarakimu. Kisha akaifungua ile ya mabegani, akaitazama kwa muda. Ukweli haukuwa ndio uliomsumbua zaidi. Alikuwa amesimamia jukwaa muda wa kutosha kujua kwamba picha ya mita hupata majibu mawili, moja likiwa "safi mkuu".

"Mita kila mtu anayo," alisema. "Hii nani anayo?"

Alibandika zote mbili na kueleza yote, mpaka ulipo, nani alibeba, na wapi magurudumu yaligusa tena chini.

Jumatatu Milango Miwili ilikuwa imefurika. Watu ambao hawakuonekana tangu 2011 walikumbuka maneno yao ya siri. Mwanachama wa Mbeya aliuliza kama sampu, lile karai la mafuta chini ya injini, iko salama, na alikuwa peke yake kuuliza. Wengine wote walikuwa kwenye hoja ya Nickson.

"Kanuni inasema kuendesha kutoka wilaya hadi wilaya," Nickson aliandika. "Huyu mpaka hakuuendesha. Mpaka kavushwa. Hiyo si safari, hiyo ni mzigo."

Uzi ulikwenda kurasa kwa kurasa. Wakili mmoja wa Arusha mwenye MR2 aliandika insha kuhusu vivuko: mtu akivuka Kigamboni gari likiwa juu ya pantoni, ameendesha? Mwingine akajibu kuwa pantoni haiimbi. Mwalimu wa Singida alikuwa ameuza Celica yake miaka miwili kabla lakini alirudi kutetea wabebaji wahesabiwe kama sehemu ya injini. Laurent, ambaye hakuwa ameandika tangu azaliwe mtoto wake wa pili, aliingia kusoma tu akajikuta anamtukana wakili.

Isihaka alijitetea mara moja. Alisema wanaume wale walikwenda kwa miguu yao kutoka Kasulu hadi Kibondo, gari likiwa nao. Nickson akajibu basi wanachama ni wao, waandikishwe.

Mwishowe walipiga kura. Waliotaka ashushwe waliwazidi wengine mbali. Kanuni ilisema "msimamizi akiwemo", tena kwa wino mzito, na watu hawakukumbuka kosa lolote lililowapa raha kama lile.

Laurent alimpigia.

"Isihaka, silifungi. Haliwezi kufungwa sasa, wataniua. Lakini kura umeiona."

"Nimeiona."

"Nickson atashika usimamizi. Ni mpumbavu, lakini ana muda."

"Na mimi?"

"Wewe ni mgeni, ndugu yangu. Omba upya, atakuangalia."

Nickson alimwangalia taratibu. Aprili yote ombi la Isihaka lilikaa bila kujibiwa, na msimamizi mpya akatangaza kwamba anataka kwanza ushahidi wa mpaka mmoja uliovukwa kwa magurudumu. Mvua ya Kasulu haikuwa na habari na matangazo yake.

Siku moja ya Aprili hiyo Isihaka alikuwa kazini, mgonjwa kwenye kiti ameshachomwa ganzi wakisubiri ishike, naye akasogea dirishani ambapo modemu hupata mtandao. Jukwaa lilikuwa na watu wengi. Kijana wa Dodoma aliyenunua Celica kama yake alikuwa ameuliza kuhusu bomba la klachi, lile lile, na mtu asiyejua kitu alikuwa anamjibu kwa uhakika mkubwa.

"Anamwambia ashushe giaboksi nzima!" Isihaka alisema. "Sista, njoo uone, anamwambia ashushe giaboksi kwa ajili ya bomba la klachi!"

"Mwandikie basi."

"Siwezi! Nimeshasema mimi ni mgeni!"

Alibonyeza mahali pa kujibu. Ukurasa ukamwomba kwa adabu ajitambulishe na asubiri. Kijana wa Dodoma alikuwa ameshashukuru na kuuliza jeki apate wapi. Wengine watano walikuwa wanabishana naye aina ya jeki.

"Angalia walivyojaa," Isihaka alisema. "Angalia upuuzi wanaoandika."

Kwenye kiti mgonjwa alitoa sauti, mdomo ukiwa wazi na nusu ya ulimi imekufa. Theodosia alikwenda kumbonyeza fizi kwa kidole.

"Ganzi imeshika, Dakta."

"Nakuja," alisema Isihaka, akafungua ukurasa uliofuata.