Shingo Iliyochagua Chuo

Jina lake sijawahi kumuuliza. Kila mwezi msichana huyu huja hapa Kenyatta Market nimsuke, na utosi wake naujua kuliko uso wake. Hula njugu nikiendelea na kazi, maganda huyatia mfukoni, na nikimvuta nywele halalamiki. Huuliza tu vidole vyangu vimeanza kuuma lini. Babake anataka injinia. Yeye anataka udaktari, lakini ili kumridhisha babake atasomea uhandisi kwanza, huku akijitafutia masomo ya kumfikisha kwenye udaktari. Jumamosi, siku ya mwisho ya kuchagua chuo, alikuja na vyuo viwili kwenye simu.

"Hiki kina jina kubwa, Anti," alisema. "Hiki kingine hakijulikani, lakini wataniruhusu kusoma biolojia na wanafunzi wa udaktari."

"Enda penye jina," msusi mwenzangu Awiti alisema, akisuka upande wa pili. "Na sisi tupate pa kuringia!"

"Na wewe, Anti?"

Kusoma sijui. Nilimwambia anisomee tena, polepole, mkono wangu ukiwa kisogoni pake. Kwa chuo cha jina, shingo ilikaza kama ya mtu anayengoja sindano. Kwa kile kingine ililegea, kichwa kikaniegemea tumboni.

"Shingo yako imeshachagua, mrembo."

Alicheka, akabonyeza kile cha pili. Mimi nilipotolewa darasa la pili ili wasome kaka zangu, ambao leo hawapokei simu zangu, nilikuwa na shingo vilevile. Hakuna aliyeigusa.