Siku ya Kujaza Chupa Mahango

Nilikuwa kwa kinyozi hapa Kasese mwanakwaya mwenzangu aliponipigia simu kuniambia kwamba yule mama wa Mahango, aliyekuwa akitengeneza mvinyo wa pasheni, ametutoka. Nikamwambia kinyozi asubiri kwanza. Nilisikitika, tena sana. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani, kichwa kimenyolewa upande mmoja, nikajikuta nacheka peke yangu, na watu wa bodaboda wakanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nilikuwa nimeikumbuka siku aliyotuita kumsaidia kujaza chupa.

Ilikuwa oda yake ya kwanza ya maana. Hoteli moja ya mjini ilitaka mvinyo wa mapipa mawili kwa ajili ya harusi, na meneja alikuwa amesema wazi kwamba wageni wakiupenda, atachukua kila mwezi. Wasipoupenda, mama angerudi kuuza pasheni kwa beseni kando ya barabara, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kuikataa kazi hiyo. Tukaja majirani sita, wote watu wa pombe ya ndizi. Hakuna aliyewahi kushika kizibo. Alituonyesha namna ya kuvuta mvinyo kwa mpira kutoka pipani, akaenda jikoni kuchemsha vizibo. Sasa, huku kwetu kumpa mgeni kikombe kisichojaa ni sawa na kumwambia aende zake. Basi tukajaza kwa moyo mmoja, kila chupa mpaka mdomoni, huku tukiimba nyimbo za kanisa na kusifiana. Mama aliporudi na kugandamiza kizibo cha kwanza, mvinyo ulimrukia ukamwogesha uso na kitambaa cha kichwa.

"Nyinyi watu, munataka kuniua?" akapiga kelele. "Chupa iko na shingo! Kizibo italala wapi?"

Ikabidi tupunguze kila chupa funda moja, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kumwaga, tukanywa. Lo! Nyimbo zetu zikaanza kupotea njia. Tulipofika kwenye chupa za pipa la pili, jirani mmoja akakunja uso. Mama naye akaonja. Pipa zima lilikuwa limegeuka siki, na bila ujinga wetu lingefika harusini vilevile, maana yeye alikuwa ameonja wiki iliyotangulia akaridhika. Gari la kuchukua mzigo lilikuwa tayari linapanda mlima. Mimi, msomi wao, nikatoa ushauri: tuchanganye, watu wakishaanza kucheza nani atajua? Naona aibu hata kuliandika neno hilo. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwenye atafungua hii chupa, mimi siko pale ya kumwambia pole." Kisha akampigia meneja simu mbele yetu. "Madamu, iko pipa moja tu. Ingine imeharibika." Tukasikia sauti ya meneja ikisema alete hilo moja, na kwamba amefurahi kuambiwa mapema. Mama akakaa juu ya kreti, akalia, akacheka, akatufukuza turudi kazini.

Hoteli ile iliendelea kununua kwake mpaka mwisho. Ila kinachonikaa moyoni ni lile neno lake la mwenye kufungua chupa, kwa sababu wengi wetu siku hizi tunawafanyia kazi watu tusiowaona. Fundi anapaka rangi juu ya ufa na kwenda zake. Mkulima anaficha kahawa mbichi ndani ya gunia, chini ya iliyo nzuri. Na mimi nakaa hapa kila wiki nikikuandikia wewe, nawe utanisoma nikiwa sipo. Safu hii ilikuwa ndefu zaidi. Kabla ya kuituma nimefuta aya mbili. Zilikuwa tamu kweli, lakini zilimsifu mama kwa mambo ambayo hakuyafanya.